Plau Inayobadilika Kina: Vali Gani Ifungwe Kwenye Silinda ya Trekta?

Mkulima anaweza kurekebisha plau asubuhi, na kufikia saa nne mifereji ikawa na kina tofauti bila yeye kugusa wenzo. Kwa trekta ambazo mkono wa juu wa skrubu umebadilishwa kwa silinda ya haidroliki, chanzo mara nyingi ni mafuta yanayopenya polepole kwenye vali ya wenzo. Vali hiyo imeundwa kuelekeza mafuta, si kuyashikilia kutwa nzima. Chuma chake cha ndani huteleza, na ili kiteleze lazima kuwe na mwanya mdogo, hata kikiwa kipya.

Dawa ni vali ya kuzuia mafuta kurudi, ifungwe kwenye silinda yenyewe. Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Vali ya kawaida ya goroli na springi hupitisha mafuta upande mmoja tu, kwa hivyo silinda ikirefuka haitafupika tena. Inayotakiwa ni ile inayofunguliwa kwa presha: wenzo ukisukumwa, presha ya hosi moja husukuma pini ndogo inayofungua njia ya upande wa pili. Wenzo ukiachwa, njia hujifunga.

Tena iwe ya pande mbili. Plau ikiwa juu, uzito wake huuvuta mkono wa juu. Ikiingia kwenye udongo mgumu, mkono huo husukumwa. Vali ya upande mmoja itashikilia nusu tu ya kazi.

Kabla ya kununua, mwenye trekta aangalie presha ya juu ya mashine yake kwenye kitabu chake. Trekta nyingi hufanya kazi kati ya baa 150 na 200, na vali isiwe na kiwango cha chini ya hapo. Ni vyema kwenda dukani na kiungo cha zamani mkononi, maana nyuzi za skrubu zinazofanana kwa macho huenda zisiingiane.

Jambo linalosahaulika ni wenzo ukiwa katikati. Njia za silinda zikiwa zimezibwa hapo, presha iliyobaki kwenye hosi inaweza kuiacha vali wazi kwa muda. Inafaa zaidi vali ya wenzo inayoachilia mafuta ya hosi yarudi kwenye tangi. Pia, hosi isiwekwe kati ya vali na silinda. Ikipasuka hapo, vali haitasaidia kitu.

Kwa silinda zinazoteremsha mzigo mzito, kama za kijiko cha mbele, vali hii inaweza kushusha kwa kurukaruka. Huko huhitajika vali ya kusawazisha mzigo, inayotegwa na fundi mwenye kipimo cha presha.

Mikono ya chini ni habari nyingine. Kwenye trekta nyingi huinuliwa na silinda iliyo ndani ya bodi. Ikiwa plau hushuka baada ya injini kuzimwa, au mikono hupandapanda kidogo injini ikinguruma, kuna uvujaji ndani. Sili au vali ya humo ibadilishwe. Vali ya mkono wa juu haitaponya hilo.

Hata vali nzuri si jeki. Anayetaka kufanya kazi chini ya plau aiteremshe, au aiweke juu ya magogo imara. Uvujaji utafutwe kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa mkono, kwa sababu mafuta ya presha hupenya ngozi. Aliyechomwa aende hospitali mara moja, hata tundu likiwa dogo kama la sindano.

Fundi ajue pia kwamba vali hii huacha mafuta yenye presha ndani ya silinda injini ikiwa imezimwa. Kuchezesha wenzo hakuyatoi. Plau ikae chini kabisa na silinda isiwe na mzigo ndipo kiungo kilegezwe, kidogo kidogo, uso ukiwa mbali.