Ukirudi Same, Tanguliza Mshenga

Mdogo wangu uliyeondoka Same ukiitwa kwa jina la kiume na leo, huko Dar es Salaam au Nairobi uliko, unaishi kama mwanamke, nakuandikia wewe. Na wewe uliyekuwa binti wa watu pale Kisiwani na sasa una ndevu na sauti nzito, sogea usikilize. Kila mwisho wa mwaka, magari ya kupanda Mamba, Chome na Vudee yanapoanza kujaa watu wa mjini, najua mnabaki mmeshika simu mnahesabu visingizio. Mama unamtamani, na baridi ya milimani unaitamani. Unaowaogopa ni wale wanaokujua: uliokaa nao dawati moja, uliochota nao maji, jirani ambaye mtoto wake ulimbeba mgongoni.

Ninachoamini ni hiki. Wapo watakaokuchukia hata ufanye nini, na hao tuwaache. Lakini wengi katika watu wako wa zamani wanachoumia zaidi ni kwamba wamesikia kwa watu. Mtu aliyekula nawe makande ya sufuria moja miaka saba, akaambiwa habari zako na kondakta, ataona umemfanya mgeni. Hasira hiyo ndiyo inayomtoa maneno mabaya, na akishayasema mbele za watu atayalinda.

Huku kwetu jambo zito haliingii kwenye nyumba ya mtu bila mtangulizi. Posa ina mshenga. Habari ya kifo hupelekwa na mtu mzima aliyechaguliwa. Kwa nini basi habari kubwa kuliko zote za maisha yako uiache ijiendee yenyewe? Tafuta mshenga wako. Mara nyingi ni shangazi, kwa sababu ana kauli kwenye nyumba ya kaka yake na hakuna wa kumnyamazisha. Anaweza kuwa mjomba, au mwalimu mstaafu. Awe amekujua ukiwa mtoto, awe anasikilizwa na wazee, na asiwe na mdomo mwepesi. Mwambie yeye kwanza, na umpe muda. Atalia, atanyamaza wiki nzima, atakupigia kuuliza kama ni ugonjwa, kisha atanyamaza tena. Usimharakishe. Siku atakayouliza, "Sasa nikuiteje?", ujue umempata.

Kazi yake iwe ndogo: aende kwa wawili, watatu, azungumze nao uso kwa uso. Usitume picha kwenye kundi la WhatsApp la mliosoma pamoja ukidhani unamaliza kazi kwa mara moja. Cleopatra Kambugu wa Uganda hakupewa hata nafasi ya kuchagua wa kumwambia. Gazeti la udaku la Kampala lilimweka hadharani, akalazimika kukimbilia Kenya na mwenzi wake. Maisha yao hayo yanaonekana kwenye filamu ya mwaka 2016, The Pearl of Africa, na mwaka 2021 alipata kitambulisho cha Uganda kinachomtambua kuwa mwanamke. Ilimchukua miaka kurudishiwa kilichochukuliwa kwa toleo moja la gazeti. Wewe bado una nafasi ya kuchagua nani aseme, na aseme lini.

Mtihani wenyewe utakuwa msibani. Harusini mtu hukaa anapotaka, akala akaondoka. Msibani kila mtu ana mahali pake: wanaume nje chini ya turubai na makaburini, wanawake ndani kwenye mkeka pamoja na mfiwa, wengine jikoni kwenye masufuria. Ukishuka kwenye gari umejifunga kanga, macho yote yatauliza jambo moja: huyu atakaa wapi? Usikubali swali hilo lijibiwe na vijana waliosimama barabarani. Shangazi akutangulie, akushike mkono, akuingize ndani na kukuketisha ubavuni pake. Ukishaketishwa na yeye, anayetaka kukuinua itabidi amwinue na shangazi, na sijamwona bado mtu wa kufanya hivyo Upareni. Toa pole zako, kaa kiasi, kisha nenda jikoni. Menya vitunguu, chambua mchele, kaa kwenye moshi na wenzako. Wanawake wa milimani wanamwamini mtu wakishaiona mikono yake ikifanya kazi, na mkiwa mmeinamia beseni moja mazungumzo huanza yenyewe, ya watoto, ya bei ya tangawizi, ya mvua. Wewe mdogo wangu wa kiume, chukua chepe. Zamu ikikufikia, shuka kaburini uchimbe kama wenzako.

Watakosea jina lako. Bibi wa miaka themanini aliyekuita jina lile tangu unyonyeshwe ataliita tena, hata akikupenda. Mrekebishe kwa upole, mara moja, muendelee na mazungumzo. Tofauti iko kwa yule anayelisubiri kundi likusanyike ndipo alitamke kwa nguvu. Huyo usimjibu hapo, ondoka, mwachie mshenga kazi.

Kanisani na msikitini nenda taratibu zaidi. Wasabato walianza kazi Mamba Giti mwaka 1903, na Walutheri na Waislamu nao wana mizizi mirefu milimani. Imani hapa si vazi la siku moja kwa wiki. Mchungaji au sheikh ukimtaka atamke mbele ya waumini kwamba anakukubali, umemfungia njia. Mwendee nyumbani kwake jioni, pamoja na mtu anayemheshimu, uongee naye kama mtoto wa pale. Huenda usipate baraka. Ukipata ahadi kwamba hatakutaja kwenye mahubiri, ipokee, ni kubwa.

Kuna sababu nyingine ya kuwathamini wanaokufahamu. Sheria ya Tanzania haina utaratibu wa kutambua mtu aliyebadili jinsia. Jina utalibadili kwa hati kupitia wakili, ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati, lakini cheti chako cha kidato cha nne kinabaki na mtu wa zamani. Audrey Mbugua wa Kenya alikwama hapo hapo: alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001, akafaulu vizuri sana, akabadili jina kisheria, na baraza la mitihani likakataa kugusa cheti. Alilipeleka mahakamani. Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliagiza apewe cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia. Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe kwa kesi ya kuku. Mpare yeyote angemwelewa Audrey, na kesi yake haikuwa ya kuku. Kwetu bado hatujafika huko, kwa hiyo mtendaji wa kijiji au mwalimu wako wa zamani akisema, "Huyu namfahamu, ni yule yule," neno lake linaweza kukufungulia mlango ambao karatasi imeufunga.

Neno hilo hilo linaweza pia kukuumiza, na sitakuficha. Mwaka 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wapeleke majina. Wizara ya Mambo ya Nje ilisema huo haukuwa msimamo wa serikali, lakini watu walikuwa wameshajificha. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la ngono, hakitaji gauni wala jina la mtu, ila anayekuvizia njiani hasomi vifungu. Majina yale yalitarajiwa kutoka kwa nani kama si majirani? Kwa hiyo mshenga akikuambia, "Mwaka huu bado," msikilize. Mama anaweza kuteremka Moshi au Korogwe mkaonana huko.

Na kama kaka zako wataanza kusema shamba ni la watoto wa kiume na wewe umejitoa mwenyewe, waambie wasome Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, inayompa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Nimeona upendo wa ndugu ukigeuka ghafla mipaka inapopimwa.

Sasa nigeukie ninyi mnaobaki nyumbani. Najua mmefiwa kwa namna fulani, kuna mvulana mliyemzoea hamtamwona tena. Lilieni, lakini msimlilie machoni pake. Msimuulize ya mwilini. Hamkuwahi kumuuliza mtu mwingine yeyote hapo kijijini. Msiseme mtamkubali ikithibitika alizaliwa hivyo. Julius Kaggwa wa Uganda, aliyezaliwa na jinsi tata akalelewa kama msichana Juliet, aliandika kitabu kizima kuhusu safari yake mwaka 1997, na hapaswi mtu kuandika kitabu ndipo apewe kiti. Aliyekusaidia hesabu darasa la sita ni huyu. Aliyekimbia usiku kuita watu ulipoungua ni huyu. Watoto wa kaka yake wafundishwe kumwita shangazi, nao hawatakuwa na taabu yoyote, watoto hushika haraka wanachokiona kwa wakubwa.

Kama unaye mmoja wa namna hii, na namba yake bado unayo, usingoje Desemba akutafute yeye. Mpigie leo, mwite kwa jina lake, mwambie akishuka stendi ya Same apitie kwako kwanza.