Chuo Kina Kibali, Je, Kozi Yako?

Msimu wa kusajili wanafunzi ukifika, ukishuka matatu Donholm au Kayole, Nairobi, hukawii kutiwa mkononi karatasi ya chuo. Juu kuna picha ya kijana aliyevaa joho. Chini, msururu wa kozi: ualimu, uuguzi, biashara, kompyuta. Karo ni nafuu, na masomo ya jioni yapo. Mzazi huuliza swali moja tu: "Hicho chuo ni cha kweli?"

Swali hilo ni zuri, ila ni nusu. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, iliyoundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, hukagua mambo mawili. Kwanza chuo chenyewe, ambacho huweza kuwa na chata kamili au barua ya kibali cha muda. Pili, kila kozi peke yake. Ndiyo maana chuo chenye chata ukutani chaweza kukuuzia shahada ambayo tume haijaipitisha. Orodha zote mbili, ya vyuo na ya kozi, ziko kwenye tovuti ya CUE. Tafuta jina la shahada neno kwa neno jinsi lilivyoandikwa kwenye barua yako, kwa sababu neno moja likibadilika huenda ikawa ni kozi nyingine kabisa. Barua ya muda si aibu, vyuo vingi vilianzia hapo. Aibu ni kumficha mteja.

Vyuo vya ghorofani vinavyotoa cheti na diploma za ufundi usivitafute CUE. Hivyo viko chini ya TVETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi. Na ukiambiwa kwamba D+ yako ya KCSE inatosha kuingia shahada moja kwa moja, shuka ngazi uende zako: kiwango cha chini cha shahada ni C+, na diploma kwa kawaida ni C-. Anayesomea uuguzi apige hodi pia kwa Baraza la Wauguzi, na wa uhandisi kwa Bodi ya Wahandisi, kwa kuwa hao ndio watakaomsajili afanye kazi.

Mimi huongeza swali ambalo watu hawaliulizi: chuo hiki kilikuwa kikifundisha nini kabla hakijawa chuo kikuu? KCA, iliyoko Ruaraka, ilizaliwa 1989 ikiwa chuo cha uhasibu, ikapata chata 2013. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, pale mjini, ndicho ile Kenya Polytechnic ya zamani. KAG EAST ya Buruburu ilitokana na shule ya theolojia ya kanisa. Chuo huwa na mzizi wake, na kwenye mzizi ndiko utawakuta wahadhiri wa miaka mingi, vitabu na wahitimu waliokwisha ajiriwa. Kozi iliyoongezwa juzi inaweza kuwa nzuri, lakini hiyo uichunguze mara mbili.

Kulikuwa na sababu ya vyuo kuanza kukimbizana na wanafunzi. Mwaka wa 2015, watahiniwa wa KCSE zaidi ya 160,000 walipata C+ na kuendelea. Udanganyifu ulipobanwa mwaka uliofuata, wakabaki 88,929, na 2017 wakawa takriban 70,000. Madarasa yalibaki matupu, matawi ya vyuo mjini yakafungwa, na karatasi za stejini zikazidi.

Usiridhike na Jumamosi ya maonyesho ya chuo, siku ambayo kila kitu kimepigwa deki. Nenda Jumanne saa kumi na mbili jioni. Tazama kama mhadhiri ametokea. Uliza idara yako ina wahadhiri wangapi wa kudumu, kwa maana wa muda hukimbia kutoka chuo kimoja hadi kingine, na ukitaka kuulizia alama iliyopotea humpati. Faida kubwa ya chuo kidogo ni kwamba mhadhiri hukujua kwa jina. Kama hilo halipo, hakuna unachonunua hapo ambacho chuo kikubwa hakina. Toka na wanafunzi darasa linapokwisha, usikie nauli ya barabara ya Outer Ring usiku ni ngapi.

Maktaba ikiwa ni chumba chenye rafu tatu, bado hujakwama. Kaunti ya Nairobi ina maktaba Kaloleni na Makadara, matawi ya maktaba ya McMillan yaliyokarabatiwa pamoja na shirika la Book Bunk, na Buruburu ipo ya KNLS, shirika la maktaba la taifa. Kwa wanaolala wanne chumba kimoja, meza tulivu ni sehemu ya masomo.

Upande wa pesa, usichanganye mkopo na ufadhili. Chini ya utaratibu uliotangazwa 2023, aliyepangiwa chuo kikuu cha kibinafsi na KUCCPS, inayogawa nafasi za vyuo, huomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, bila ule ufadhili wa serikali wanaopewa wa vyuo vya umma. Utaratibu huo ulipelekwa mahakamani, basi soma tangazo la mwaka wako. Basari ya NG-CDF, hazina ya maeneobunge, huombwa katika eneobunge lako, na wa Embakasi wakumbuke kwamba tangu 2013 kuna Embakasi tano. Dai karo yote kwa maandishi, pamoja na ada za mtihani, kitambulisho na mahafali. Ulizia pia ukichelewa kulipa kama utazuiwa kufanya mtihani. Lipa kwa akaunti ya chuo, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu, hata awe ndiye aliyekupokea kwa tabasamu.

Risiti zipige picha siku hiyo hiyo, wino wake hufifia. Kabla ya mahafali utazungushwa kila ofisi kusafisha jina, na utakayodaiwa zaidi ni risiti ya muhula wa kwanza.