SOMO LA WAFANYAKAZI: KURA YA KAMARI NA JASHO LETU



Siku ya mshahara duka la kubeti halikosi watu. Katika somo hili tutajifunza mambo matatu: nani huamua kamari iruhusiwe, faida yake hutoka wapi, na sisi wenye kuishi kwa mshahara tufanye nini.

1. Nani huamua?

Katika jimbo la Virginia, Marekani, sheria ya mwaka 2020 ilisema kwamba kasino haiwezi kujengwa katika mji mpaka wakazi wenyewe wapige kura. Mwaka huo huo miji ya Bristol, Danville, Norfolk na Portsmouth ilikubali. Mji wa Richmond ulipiga kura mwaka 2021 ukakataa kwa tofauti ndogo. Wenye mradi hawakuchoka. Mwaka 2023 walirudi na ahadi ya ajira zaidi ya 1,000 na kodi kwa ajili ya huduma za mji. Safari hii zaidi ya watu 6 katika kila 10 waliopiga kura walisema hapana.

Kwetu Uganda hatukuitwa kwenye sanduku la kura. Bunge lilitunga Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kamari ya mwaka 2016, ikaunda Bodi ya kutoa leseni, na ikakataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Januari 2019 serikali ilitangaza kwamba makampuni mapya ya kubeti hayatapewa leseni. Hata hivyo biashara iliendelea, na mwaka 2023 Bunge lilipandisha kodi ya michezo ya kasino kutoka asilimia 20 hadi 30. Basi tuelewe: serikali nayo hupata fungu lake katika fedha hiyo.

2. Faida hutoka wapi?

Wengi husema, "Ni bahati tu." Tupige hesabu.

Tuchukue mchezo wenye majibu mawili tu, na kila jibu lina nafasi sawa. Wafanyakazi 10 wanaweka shilingi 1,000 kila mmoja: watano upande huu, watano upande ule. Jumla ni shilingi 10,000. Duka hulipa mara 1.85 ya fedha iliyowekwa. Washindi watano wanapata 1,850 kila mmoja, yaani 9,250. Shilingi 750 zinabaki kwa mwenye duka, timu yoyote ikishinda. Yeye hakubahatisha kitu.

Sasa tutazame tiketi ya michezo mitano pamoja, ile inayopendwa kwa sababu malipo yake ni makubwa. Majibu yanaweza kupangwa kwa njia 32. Watu 32 wakiweka 1,000 kila mmoja, kila mtu na mpango wake, jumla ni 32,000. Mmoja tu atashinda, naye atalipwa karibu 21,670. Zaidi ya 10,000 zimebaki dukani. Kadiri tiketi inavyokuwa ndefu, ndivyo fungu la duka linavyokua. Habari za yule mmoja zitasikika mtaa mzima. Wale 31 watarudi nyumbani kimya.

Anayeweka 2,000 kwa siku, siku sita za juma, ametoa 12,000 kwa juma na 624,000 kwa mwaka. Hata akishinda mara kadhaa, hesabu ya mwaka humwelemea.

Na ile ahadi ya ajira? Mchimbaji hutoa madini ardhini, mkulima wa Bwera hutoa kahawa, mfanyakazi wa Hima hutoa saruji. Hapo mali mpya imezaliwa. Duka la kubeti halizalishi kitu. Huhamisha mshahara uliokwisha kulipwa. Kasino inayoleta wageni wenye fedha kutoka mbali ni jambo moja. Duka linalongoja mshahara wa jirani ni jambo lingine.

3. Tufanye nini?

Kwanza, tuwafundishe wenzetu hesabu hii bila kuwadharau. Mtu hubeti kwa sababu mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kudai mshahara wa haki ni sehemu ya vita hii.

Pili, tuimarishe vyama vya akiba na mikopo. Akiba ya 12,000 kwa juma ni karo ya mtoto.

Tatu, tutumie haki zetu. Mabaraza yetu yana uwezo wa kutunga sheria ndogo. Madiwani wanaotuomba kura waulizwe msimamo wao. Tena Ibara ya 255 ya Katiba ya 1995 inatambua haki ya raia kudai kura ya maoni, ya nchi nzima au ya sehemu yake.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika tawi lenu, fedha ya kubeti ya mwezi mmoja ingeweza kununua nini?
2. Kama wakazi wa Kasese wangepiga kura kama wale wa Richmond, ungetaka kuulizwa swali gani hasa?
3. Ni nani atakayepeleka jambo hili barazani, na lini?