Picha za Kutazama na Picha za Kuweka

Kila mwaka siku ya mahafali inapokaribia, Kamati ya Picha ya shule yetu hukusanya picha za mwaka mzima, huzipanga zioneshwe moja baada ya moja ukumbini, kisha huzichoma katika CD au DVD ili wazazi waende nazo nyumbani. Mwaka jana, nilipokuwa kidato cha tatu, nami nilikuwa katika kamati hiyo. Tulifanya kazi kwa bidii nyingi na maarifa machache. Yaliyotupata nitayaeleza hapa, si kwa kumlaumu mtu, bali kwa sababu sisi wa kidato cha nne tunaondoka, na wadogo zetu ndio watakaoachiwa kamera.

Makosa yetu yalikuwa matatu. La kwanza lilionekana siku ile ile ya mahafali. Picha zilipomulikwa ukutani, watu wote walikuwa wamenenepa. Hata kiranja mkuu, ambaye ni mwembamba kama fito, alikuwa na mashavu ya kutosha watu wawili. Ukumbi ulicheka, nasi tukacheka pia, ingawa kwa aibu. La pili lilijulikana wiki iliyofuata: wazazi kadhaa walileta habari kwamba deki zao zimezikataa santuri tulizowapa. La tatu lilikawia kujulikana, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Mwezi wa Machi mwaka huu alikuja shuleni dada mmoja, binti wa mzee mpishi wetu. Mzee yule alitupikia kwa zaidi ya miaka 20, akafariki mwezi wa Februari. Nilikuwa ofisini nikisaidia kupanga vitabu, nikasikia mazungumzo yao na mwalimu wetu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Karibu. Poleni sana kwa msiba."

"Asante, tumeshapoa. Nimetumwa na mama. Nyumbani hatuna picha ya baba ya siku za karibuni. Tumesikia kuwa alipigwa picha hapa siku ya mahafali. Tunataka moja ya kutia katika fremu kabla ya arobaini."

Mwalimu alinitazama, nami nilitazama chini. Picha ilikuwako. Mzee alisimama nyuma ya wapishi wenzake, anacheka, na upawa mkononi. Lakini picha tuliyokuwa nayo ilikuwa ile ndogo ya ndani ya santuri. Ile kubwa iliyotoka katika kamera tulikuwa tumeifuta, tukidhani kwamba picha ikishachomwa katika santuri basi imehifadhiwa. Dada yule alipewa ile ndogo, akaipeleka mjini kwa mpiga picha ikuzwe. Ilipokuzwa, uso wa baba yake uligeuka kuwa miraba miraba kama sakafu ya vigae.

Ili tujue kwa nini ilikuwa hivyo, hatuna budi kwanza kujua picha ya kamera za siku hizi imefanywa na nini.

Picha hiyo ni vitone vidogo vilivyopangwa kwa safu, kama mbegu katika matuta. Kila kitone huitwa pikseli, nacho kina rangi yake moja. Kamera yetu ya shule hupiga picha yenye pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa urefu wa kwenda juu. Zidisha, utapata pikseli milioni 12. Wauzaji huita kamera kama hiyo ya megapikseli 12.

Basi vioo vya kutazamia navyo vina vitone vyake, na vioo havilingani. Projekta nyingi za zamani za shule huonesha pikseli 1024 kwa 768. Kompyuta nyingi za mpakato za miaka iliyopita zina 1366 kwa 768. Televisheni nyingi pana zina 1920 kwa 1080. Lakini DVD ya kuchezwa katika deki ina kipimo chake kilichowekwa, wala hatuwezi kukibadili. Katika mtindo wa PAL, ambao ndio uliofuatwa na televisheni za Afrika Mashariki, kipimo hicho ni pikseli 720 kwa 576. Katika mtindo wa NTSC, uliofuatwa Marekani na Japani, ni 720 kwa 480.

Sasa tufanye hesabu. Mara 720 kwa 576 ni pikseli 414,720. Gawanya milioni 12 kwa hesabu hiyo, utapata karibu 29. Maana yake ni kwamba picha ikiingia katika DVD ya deki, kati ya kila vitone 29 vya kamera hubaki kimoja tu. Hili si kosa la mtu. Mlango ni mwembamba, na apitaye huacha mzigo nje. Kosa letu lilikuwa kuutupa mzigo ulioachwa nje.

Katika picha yetu ya DVD, uso wa mzee mpishi ulikuwa na upana wa pikseli kama 40. Mchapaji mzuri huchapa pikseli 300 katika kila inchi moja ya karatasi. Kwa hiyo uso ule ungetoka na upana wa milimita 3 na kidogo, yaani kama punje ya choroko. Katika picha ya kamera, uso huo huo ulikuwa na pikseli kama 220. Hata kwa kuchapa pikseli 150 kwa inchi, ungalitoka mkubwa kuliko uso katika picha ya pasipoti, nao ungalitambulikana vizuri. Wala hapana mashine iwezayo kurudisha vitone vilivyotupwa. Kompyuta ikikuza picha ndogo, hubuni vitone vya kujaza nafasi, na kitone cha kubuni si uso wa mtu.

Baada ya hayo, nitaeleza namna ifaayo kufuatwa, hatua kwa hatua.

Kwanza, uliza picha zitatazamwa wapi. Usianze na kamera, anza na kioo. Kama ni projekta ya ukumbini, fanya nakala za pikseli 1024 kwa 768, au kipimo chochote kilichoandikwa katika kitabu cha projekta hiyo. Kama ni televisheni mpya ipokeayo fleshi, fanya za 1920 kwa 1080. Kama ni deki ya wazee nyumbani, mtindo ni PAL, na programu ya kutengeneza DVD itapunguza picha yenyewe. Kuweka picha kubwa kuliko kioo hakuongezi uzuri wowote. Huifanya mashine ichelewe kufungua kila picha, na watu wakakaa wakitazama giza.

Pili, angalia umbo. Picha ya kamera yetu ina umbo la 4 kwa 3, yaani kila vipimo 4 vya upana vina vipimo 3 vya kwenda juu. Televisheni pana ina umbo la 16 kwa 9. Ukilazimisha picha ya 4 kwa 3 ijaze kioo cha 16 kwa 9, kila mtu ataongezeka upana kwa theluthi moja. Hilo ndilo lililompata kiranja mkuu. Projekta tuliyoazima ilikuwa pana, nayo ilikuwa imewekwa ijaze nafasi yote. Dawa yake ni kuiacha picha katika umbo lake, na pembeni kubaki weusi kidogo. Weusi wa pembeni haumdhuru mtu, lakini uso uliovutwa humfedhehesha mwenyewe.

Tatu, acha nafasi kandokando. Televisheni za zamani zenye mgongo hula kingo za picha. Kwa hiyo ukiandika majina ya watu, usiyaandike ukingoni kabisa. Ingiza maandishi ndani kiasi cha sehemu moja ya kumi kila upande.

Nne, jua unachoma santuri ya namna gani. Hapa ndipo wengi hukosea. Ziko namna mbili. Ya kwanza ni santuri ya mafaili, ambayo ni kama sanduku tu: unatia picha zako kama zilivyo, na kompyuta huzisoma. Ya pili ni DVD ya video, ambayo programu huitengeneza kwa mpango maalumu wa deki, na ndani yake utaona folda iitwayo VIDEO_TS. Deki nyingine husoma picha katika santuri ya mafaili, lakini nyingi za zamani hazisomi. Sisi mwaka jana tuliyanakili mafaili tu katika nyingi ya santuri za wazazi, tukadhani yatosha.

Tano, kumbuka ukubwa wa chombo. CD huchukua megabaiti 700. DVD ya kawaida huchukua gigabaiti 4.7, ingawa kompyuta huweza kukuonesha karibu 4.38, kwa sababu huhesabu kwa 1024 badala ya 1000. Tuseme picha moja kubwa ya kamera ni megabaiti 5. CD itachukua picha 140, na DVD zaidi ya 900. Ama kwa maonesho, picha 120 zikikaa sekunde 5 kila moja ni dakika 10 kamili. Nasadiki hapana mzazi atakaye zaidi ya hapo kabla ya chakula.

Sita, choma polepole. Santuri ya kuchomea ina rangi maalumu ndani yake. Mwali mwembamba wa leza huipasha moto rangi hiyo na kuacha alama ndogo sana, na baadaye deki hupitisha mwali dhaifu zaidi juu ya alama hizo ili izisome. Ndiyo maana husemwa kuchoma. Katika DVD, nafasi kati ya mstari na mstari wa alama ni milimita 0.00074, basi usiitikise meza kazi inapoendelea. Kwa mwendo wa 4x, DVD iliyojaa huchukua kama robo saa. Kawia ufike. Kazi ikiisha, iambie programu iifunge santuri, maana santuri isiyofungwa yaweza kukataliwa na deki. Kisha iagize ihakiki ilichoandika. Mwisho, ichukue santuri hiyo ukaijaribu katika mashine nyingine, wala si ile iliyoichoma. Mchoro ulioupiga mwenyewe utausoma hata ukiwa mbaya; mpe mwenzako asome.

Saba, na hili ndilo kubwa kuliko yote: tenga picha za kutazama na picha za kuweka. Kabla hujapunguza chochote, nakili picha zote za kamera kama zilivyo, ziweke katika folda yao, na usiiguse folda hiyo tena. Fanya kazi yako katika nakala. Picha za kuweka zichomwe katika santuri ya mafaili kwa ukubwa wao wote, na nakala nyingine ikae katika fleshi au kompyuta, mahali pengine. Kompyuta nyingi mpya hazina tena mlango wa santuri, kwa hiyo si vema kutegemea chombo cha namna moja. Usifute kadi ya kamera mpaka nakala mbili zimefunguliwa na kuonekana.

Santuri yenyewe itunzwe. Ishike kwa ukingo. Usiiache juani, kwa maana mwanga na joto huiharibu ile rangi. Andika juu yake kwa kalamu laini ya wino, wala si kwa kalamu ya kukwaruza. Na uandike: ni picha za nini, za mwaka gani, nani wamo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Picha nazo ni mali.

Mwaka huu kamati yetu imezifuata hatua hizi. Picha za kuweka zimo katika santuri mbili, moja katika kabati la maktaba na nyingine ofisini, na nakala ya tatu imo katika fleshi ya idara. Daftari lake lipo. Vilevile tumeongeza jambo moja ambalo halimo katika kitabu chochote cha kompyuta. Kabla ya kuwapiga picha wanafunzi wa mahafali, tulikwenda jikoni, tukaenda langoni kwa walinzi, tukaenda shambani kwa mtunza ng'ombe, tukampiga kila mmoja peke yake, uso wake ukijaa picha. Wengine walikuwa wanajificha nyuma ya wenzao, tukawaomba wasogee mbele.

Kwa yule dada hatukuwa na la kumpa zaidi ya pole. Fremu ya nyumbani kwao ina ile picha ndogo iliyokuzwa, na mwalimu aliyekwenda kwenye arobaini anasema upawa waonekana vizuri kuliko uso. Wadogo zetu wa kidato cha tatu, kamera tunawaachia, na daftari tunawaachia. Msifute kitu.