Viatu vya Kuvaa Penye Theluji

Miongoni mwa wasomaji wa gazeti letu wamo vijana watakaojaliwa kwenda kusoma katika nchi za baridi, na wamo wanafunzi wa zamani ambao watoto wao wamekwisha kufunga safari. Safari hizo si jambo geni. Mwaka 1960 kilifunguliwa Moscow Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, ambacho mwaka 1961 kilipewa jina la Patrice Lumumba, na Waafrika wengi wamesoma huko. Siku hizi Warundi wengi wanakaa Montreal na Ottawa katika nchi ya Kanada. Yafaa basi tujifunze jambo moja dogo ambalo msafiri hulikumbuka baada ya kuumia, nalo ni namna ya kuchagua viatu.

Sisi wa Kanyosha twakaa karibu na Ziwa Tanganyika, mahali penye joto mwaka mzima. Baridi tuijuayo ni ile ya Bugarama, gari linapopanda milimani katika ukungu, na sweta moja huitosha. Lakini Montreal katika mwezi wa Januari wastani wa baridi ni kama digrii 9 chini ya sifuri, na ziko siku ambazo hushuka hata kupita 20. Penye baridi ya namna hiyo nyama ya vidole yaweza kuganda ndani ya kiatu. Ikiganda sana hufa, na daktari hana budi kuikata. Kwa hiyo kiatu huko si pambo.

1. Joto latoka wapi?

Watu husema, "Buti hili lina joto." Kwa kweli buti halina joto lake lenyewe. Tia jiwe ndani ya buti zuri kuliko yote, uliache nje penye theluji usiku kucha. Asubuhi utalikuta jiwe limekuwa baridi kama theluji yenyewe. Joto la mguu latoka mwilini, nalo huletwa na damu. Kazi ya buti ni kulizuia lisitoke upesi, kama blanketi lifanyavyo kitandani. Na kinachozuia hasa ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi za sufi au manyoya. Kumbuka neno hili, maana yote yafuatayo yatokana nalo.

2. Maadui watatu wa mguu

Adui wa kwanza ni kubanwa. Kiatu kikibana, damu haipiti vizuri mpaka vidoleni, na ile hewa iliyo katika sufi hukamuliwa ikatoka. Mtu avaaye soksi mbili nene ndani ya kiatu kinachombana atasikia baridi kuliko mwenzake mwenye soksi moja na nafasi. Roald Amundsen wa Norwe, aliyefika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911 pamoja na wenzake wanne, alilijua jambo hili. Kabla ya kuanza safari, mabuti yao yalifumuliwa na kushonwa upya mara kadhaa ili yawe makubwa zaidi na laini zaidi.

Adui wa pili ni maji. Maji huchukua joto upesi kuliko hewa, zaidi ya mara 20. Nayo hayatoki nje tu. Mguu wenyewe hutoa jasho. Ndiyo sababu buti la mpira, tulivaalo wakati wa matope ya masika, halifai peke yake. Huzuia maji ya nje, lakini jasho nalo hulifungia ndani. Wala usidhani kwamba hatari huanza maji yanapoganda. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914–1918, maelfu ya askari waliharibika miguu kwa kusimama siku nyingi katika mahandaki yenye maji baridi ambayo hayakuganda.

Adui wa tatu ni ardhi. Mtu asimamaye kungoja basi juu ya barafu hupoteza joto kupitia nyayo. Soli nyembamba ya kiatu cha harusi haifai kitu hapo.

3. Baridi kavu na baridi yenye maji

Wenyeji wa nchi za baridi wana hekima ya siku nyingi. Warusi walitengeneza mabuti ya sufi ya kondoo iliyoshindiliwa mpaka ikawa ngumu, yaitwayo valenki. Ni mazuri sana juu ya theluji kavu. Ikiyeyuka, huvaa kiatu cha mpira juu yake. Wasami wa kaskazini mwa Ulaya walijaza majani makavu ndani ya viatu vya ngozi ya paa wa huko, majani yakashika hewa na kunywa jasho. Jioni waliyatoa na kuyakausha.

Katika miji mikubwa leo theluji huyeyushwa kwa chumvi barabarani, ikawa tope baridi. Basi mwanafunzi wa mjini ahitaji buti ambalo sehemu ya chini ni ya mpira au ngozi isiyopitisha maji, na ndani yake mna bitana nene ya sufi. Bitana itokayo ni bora, maana usiku utaitoa ikauke.

4. Namna ya kuchagua

Jaribu viatu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, ukivaa soksi ile ile ya sufi utakayoitumia. Soksi ya pamba hushika jasho; iache nyumbani. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Kidole kimoja cha mkono kiweze kupita nyuma ya kisigino. Kisha vidole vya mguu vicheze bila taabu. Katika namba za viatu tuzijuazo hapa, namba moja huongeza urefu wa milimita kama 7 tu, basi usiogope kupanda namba moja.

Tazama soli: iwe nene, ya mpira laini, yenye mifereji mirefu, maana barafu huangusha watu. Penye kibandiko kilichoandikwa digrii, usikifanye ahadi. Mtu anayetembea na mtu aliyesimama hawasikii baridi sawasawa.

Ukiona mabuti ya theluji katika mitumba ya Ruvumera, usivutwe na bei. Yakunje. Soli za aina nyingine zikikaa miaka mingi penye joto na unyevu huoza ndani kwa ndani, zikabomoka siku ya kwanza ya safari. Angalia pia mshono na gundi, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Je, ununue hapa au huko? Ukifika Septemba, theluji haijaanguka bado Montreal. Chukua viatu vya kawaida vyenye nafasi na soksi mbili tatu za sufi, utunze fedha zako, kisha utazame wenyeji wavaa nini. Wazee walisema, ukifika kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Lakini ukifika Januari, usishuke katika ndege na kandambili. Buti uwe nalo tayari. Na fedha zikiwa haba, punguza katika koti la fahari kabla ya kupunguza katika viatu.

Jaribio

Chukua chupa tatu zilizo sawa, uzijaze maji ya moto. Moja iache wazi, ya pili izungushie kitambaa kikavu cha sufi, ya tatu kitambaa kile kile kilicholoweshwa maji. Ziweke penye upepo. Baada ya dakika 20 pima joto la kila moja, uandike.

Maswali

1. Kwa nini soksi mbili zaweza kuleta baridi kuliko moja?
2. Buti la mpira lina faida gani, na lina kasoro gani?
3. Katika jaribio, ni chupa ipi iliyofanana na mguu uliolowa? Eleza sababu.