SOMO: RANGI YA KISIMA ISIDANGANYE
Jinsi ya kuchora ramani ya visima kwenye ukurasa wa tovuti

Kamati inayosimamia visima huulizwa swali moja kila mara: kisima kipi kinatoa maji na kipi kimeharibika? Wafadhili huuliza kwa barua, wanakijiji huuliza wakiwa na ndoo mkononi. Njia moja ya kuwajibu wote ni kuweka kwenye tovuti ramani ndogo yenye duara kwa kila kisima. Mtu akigusa duara, anapata maelezo yake. Somo hili ni kwa ajili ya kijana atakayeichora, na pia wanakamati watakaokagua kazi yake.

Kanvasi ni nini?

Kanvasi ni eneo la mstatili ndani ya ukurasa wa tovuti ambalo programu huchora juu yake. Kampuni ya Apple iliianzisha mwaka 2004, na mwaka 2014 ikawa sehemu ya kanuni rasmi za HTML5 zilizopitishwa na shirika la W3C. Usipotaja ukubwa wake, huwa na upana wa pikseli 300 na kimo cha pikseli 150. Vipimo huanzia pembe ya juu kushoto: namba ya kwanza huenda kulia, ya pili hushuka chini.

Katika lugha ya JavaScript, tukiiita kalamu ya kuchorea "c", duara la kisima kimoja huchorwa hivi:

c.beginPath();
c.arc(80, 60, 14, 0, 2 * Math.PI);
c.fillStyle = "green";
c.fill();

Mstari wa kwanza unaanza umbo jipya. Wa pili unaweka duara lenye kitovu kwenye 80 na 60, na nusu kipenyo cha pikseli 14. Wa tatu unachovya brashi kwenye rangi ya kijani. Wa nne unapaka.

Kosa lisilopiga kelele

Brashi ya kanvasi haijisafishi. Rangi uliyotaja mwisho itaendelea kutumika mpaka utaje nyingine. Tuseme kisima cha tatu ni kibovu, ukaweka rangi nyekundu, kisha ukachora cha nne bila kutaja rangi. Cha nne nacho kitatoka chekundu, ingawa kinatoa maji.

Ukisahau beginPath, hali ni mbaya zaidi. Maduara ya awali yatakuwa bado yamo ndani ya umbo lile lile, na agizo la kupaka litayapaka yote upya. Kisima kimoja kibovu mwishoni mwa orodha kitageuza ramani nzima kuwa nyekundu. Kisima cha mwisho kikiwa kizima, vibovu vyote vitaonekana vizima.

Kompyuta haitatoa onyo lolote. Ila fundi atapelekwa na vipuri mahali pasipohitajika, na kina mama watatembea hadi kwenye pampu isiyotoa maji.

Dawa yake ni kuanza na orodha: jina la kisima, mahali kilipo, hali yake na tarehe ya ukaguzi. Programu ipitie orodha hiyo, na kwa kila kisima ianze umbo jipya, isome hali, ndipo ichague rangi. Mtu asibadilishe rangi kwa mkono. Abadilishe hali katika orodha baada ya ukaguzi.

Kuitikia mguso

Duara likishapakwa, kanvasi haijui tena kwamba ni kisima. Kilichopo ni rangi tu, kama chokaa ukutani. Kwa hiyo mtu akigusa, programu hurudi kwenye orodha na kupima umbali kutoka alipogusa hadi kitovu cha kila duara. Umbali usipozidi nusu kipenyo, hicho ndicho kisima chenyewe. Kisha programu hufuta eneo lote kwa clearRect, huchora upya visima vyote, na kile kilichoguswa hukizungushia mstari mnene kwa kutumia strokeStyle na lineWidth. Rangi ya ndani isiguswe, maana hiyo ndiyo taarifa yetu. Duara pia lisiwe dogo mno: kanuni za W3C za mwaka 2023 zinashauri sehemu ya kugusa isipungue pikseli 24 kwa 24.

Tusimsahau mtu

Takriban mwanaume 1 kati ya 12 wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hupata shida kutofautisha nyekundu na kijani. Mfadhili wenu anaweza kuwa mmoja wao. Kwa hiyo, pamoja na rangi, chora alama ya X juu ya kisima kibovu. Vilevile andika orodha yote kwa maneno chini ya ramani, kwani programu zinazowasomea wasioona haziwezi kusoma picha ya kanvasi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Nani anakagua visima vyetu, na hali mpya inaingizwa katika orodha baada ya siku ngapi?
2. Je, tumeilinganisha ramani na orodha, kisima kwa kisima, kabla ya kuitangaza?
3. Mtu asiyeona rangi, au asiyeona kabisa, atapataje taarifa hiyo hiyo?