Ghadhabu Haina Haki Juu ya Maiti

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Fahamu, ewe ndugu Mwislamu, ya kuwa ghadhabu isiyo na mpaka humwandama adui hata kaburini.

Katika utenzi wa kale wa Wayunani, uitwao Iliad, Achilles alimwua Hector kulipiza kisasi cha rafiki yake, kisha akaiburuta maiti. Baada ya siku kama 12 babaye Hector alimwendea na fidia; wakalia pamoja, akapewa mwanawe.

Kalenga, jirani na Tosamaganga, lilikuwako boma la Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Mwaka 1891 aliwashinda Wadachi huko Lugalo. Mwaka 1898, alipoandamwa, alijiua. Nao wakamkata kichwa. Fuvu lililotajwa kuwa lake lilirudishwa mwaka 1954, baada ya miaka 56.

Nasi tunayo Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, ambako Sayyidna Hamza aliuawa na maiti yake ikapasuliwa. Ama Qur'ani, mwisho wa Suratun Nahl, yaamuru malipo yasizidi yaliyotendwa, na kwamba subira ni bora. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuwakatakata waliouawa.

Basi hasimu yako Mwislamu akifa, usisusie jeneza lake wala usimtukane. Ukiwa na dai, lipeleke kwa warithi kwa haki, au samehe. Wallahu aalam.